Bukima Kupitia Bunda

Jumanne, 25 Juni 1968. Musoma.

Hatimaye! Nchi imenikumbuka.

Leo asubuhi Ndugu Kasmiri, mkuu wetu wa ofisi, alitukusanya makarani wote wanne na kutangaza jambo. Saba Saba ya mwaka huu vijana watasafiri kwa baiskeli. Si kuzunguka uwanja wa mpira mara tatu kama mwaka jana. Safari hasa! Wataondoka Musoma Ijumaa tarehe 5, walale Butiama, walale Bunda, na Jumapili ya Saba Saba waingie Bukima, kule ziwani, kwa ngoma na samaki. Vijana waijue nchi yao kwa magurudumu, alisema. Tatizo ni kwamba njia nzuri haijulikani. Kwa hiyo makarani wawili watatangulia kuitafuta wiki hii, kila mmoja kivyake, wakianzia Bukima, kisha Bunda, kisha Butiama. Kila kituo kina muhuri wake. Atakayerudi kwanza na mihuri mitatu na ramani safi ndiye atakayeongoza msafara, bendera mkononi.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Alfonce naye akanyoosha. Alfonce hunyoosha mkono kila ninaponyoosha mimi.

Shajara ni yangu, kwa hiyo niseme ukweli. Bukima ndiko kwao Dafroza. Barua yangu ya posa ilipelekwa Desemba na mshenga wangu Silasi. Mzee Makongoro, baba yake Dafroza, aliipokea vizuri. Alisema barua imeandikwa kwa mwandiko mzuri, sasa aje mwandishi mwenyewe, asimame uani kwake, aseme kwa kinywa chake anataka nini.

Miezi sita sasa. Mara ya kwanza nilifika hadi kwenye ua, nikaona wazee saba wamekaa kwenye vigoda, nikageuza. Nikatuma habari kwamba nina malaria. Mara ya pili niliugua kweli, kwa kuogopa. Sasa Mzee ametuma neno: mwisho ni Saba Saba. Isitoshe, mjomba wake Alfonce ameonekana Bukima na mfuko wa sukari, akiingia kwa Mzee huyohuyo kumposea mpwawe!

Mpango wangu ni huu. Nitaingia uani kwa Mzee siku ya Saba Saba na bendera, nyuma yangu baiskeli arobaini. Mtu mwenye bendera haulizwi anataka nini.

Dafroza ameniandikia tena: njoo tu moja kwa moja, useme maneno mawili. Dafroza hufundisha darasa la kwanza. Anadhani kila jambo lina maneno mawili.

Jumatano, 26 Juni. Musoma.

Baiskeli imepatikana. Ni ya jirani yangu Enoka, katekista. Kila Jumapili huiendesha hadi Buhare kuongoza ibada. Amesema Jumapili hii atakwenda kwa miguu kwa ajili ya taifa, lakini Jumapili ya Saba Saba taifa litamsamehe.

Breki ya nyuma haipo. Unasimamisha kwa soli ya kiatu. Kengele haipo pia, ila Enoka anasema ukiimba watu wanapisha.

Baiskeli ya Alfonce ina taa inayowaka yenyewe ukikanyaga pedeli, kengele ya sauti mbili, na kioo ambacho hujitazamia meno.

Vifaa vyangu: pampu, gundi na viraka, gunia la kujifunikia, karatasi kubwa ya ramani, penseli mbili, na dira ya skauti ambayo mshale wake huelekea jikoni popote niwapo.

Jioni nilifanya ujanja mmoja mdogo. Nilimnong'oneza Alfonce, kama rafiki, kwamba nimesikia barabara ya Bukima imekatika, afadhali apite njia ya ng'ombe. Uongo mtupu! Alinishukuru hadi nikaona haya kidogo.

Alhamisi, 27 Juni. Kiriba, nyumbani kwa Silasi.

Barabara ya Bukima imekatika.

Masika yalichimba korongo la kumeza lori. Nilishuka na baiskeli begani, nikapanda na baiskeli begani, vumbi hadi kwenye magego. Alfonce alipita njia ya ng'ombe, akafika saa mbili kabla yangu. Ameniachia salamu za shukrani. Mbaya sana mtu huyu!

Kisha likaja tatizo lenyewe. Muhuri wa Bukima hukaa mfukoni mwa Mzee Makongoro. Ndiye katibu wa tawi. Sikulijua hili. Au nililijua nikajisahaulisha.

Mpango wa haraka: nilijificha kwenye shamba la mihogo kando ya ua, nikamtuma Silasi na karatasi. Silasi hajawahi kunikatalia kitu, ndiyo maana ana vidonda vya tumbo. Nilichungulia katikati ya majani. Mzee aliisoma karatasi mbele na nyuma, akaupulizia muhuri pumzi, akagonga. Halafu, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, akamwomba Silasi amwambie huyo aliyeko kwenye mihogo kwamba mihogo hiyo ina mwenyewe, na kwamba amekwisha vunja shina la pili.

Nilihamia shina la tatu.

Dafroza alipita na mtungi wa maji kichwani. Hakugeuza shingo. Aliuambia upepo kwamba mtu mwenye akili angetoka sasa hivi, mambo yakaisha, tukala. Nilibana pumzi ili asijue nipo. Nikautazama mgongo wake unakwenda zake, na moyo uliniuma kweli, si mchezo. Nampenda Dafroza. Kuandika naweza.

Silasi ana habari nyingine. Mama yake Dafroza, Mama Mbuke, anaondoka kesho alfajiri kwa miguu, maana basi limevunjika ekseli. Anapitia Bunda kwenda Butiama kwa binti yake mkubwa, Boke, aliyejifungua juzi. Anapeleka mumi wakavu, wale kambare wa ziwani, wa kumpikia mzazi mchuzi, maziwa yapate kushuka. Nilisema Mungu amtangulie, nikalala usingizi mnono.

Ijumaa, 28 Juni. Bunda.

Balaa!

Niliondoka Kiriba alfajiri, upepo wa ziwa mgongoni, nikiimba. Maili tatu mbele nikaona khanga ya kijani, mwanamke mrefu, kapu la samaki kichwani, anatembea katikati ya njia kama njia ni ya baba yake. Mama mkwe wangu.

Mtu wa mbali akisoma hapa hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, ukishapeleka barua ya posa, mama wa binti humtazami uso kwa uso. Husemi naye. Huli mbele yake. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apotee. Na kumpita kwa nyuma ukamtimulia vumbi, hilo ni kosa ambalo wazee hulikalia kikao. Padri alijaribu kusema kwamba desturi hii si ya lazima kwa Mkristo. Mzee Makongoro alimjibu kwa heshima zote kwamba padri hana mama mkwe.

Na njia yenyewe ni ya mguu mmoja. Pamba kulia, pamba kushoto.

Nikaamua kumzunguka. Nikaingia njia ya mbuzi upande wa kushoto. Miiba! Tairi la mbele likalalamika na kufa. Nikaziba kiraka, nikarudi njiani. Khanga ya kijani, hatua sitini mbele. Nikazunguka kulia, nyuma ya kilima cha mawe, nikanyonga pedeli kama mwizi, nikatokea mbele. Mbele kabisa! Na yeye anakuja amenielekea. Nikaruka na baiskeli ndani ya minyaa. Alipita polepole. Akakohoa mara moja. Nafikiri ana mafua.

Nilizunguka mara tisa. Kila mzunguko nimeuchora kwenye ramani na kuupa jina: Njia ya Miiba, Njia ya Siafu, Njia ya Siafu Namba Mbili.

Lakini Mungu hamwachi mtafiti. Saa nne hivi, tumbo likiwa limegusana na mgongo, nilikuta juu ya jiwe muhogo wa kuchemsha kwenye jani, bado una joto. Msafiri gani msahaulifu hivi! Nikala. Maili mbili mbele, juu ya jiwe jingine, kipande cha mumi. Msahaulifu yuleyule, nadhani. Nimeandika kwenye ramani kwa herufi kubwa: HAPA CHAKULA HUPATIKANA KANDO YA NJIA.

Adhuhuri ikasikika kengele ya sauti mbili. Alfonce, aliyelala Bukima na kushiba. Nilikuwa ndani ya pamba, hakuniona. Alipomfikia Mama Mbuke alishuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akampa shikamoo, akamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mbuzi, akacheka na meno yote nje. Desturi hajui. Amekulia mjini kwa mjomba. Kisha akapanda akaondoka, na vumbi lake lote likamwangukia mama wa watu. Keria yake ya nyuma ilikuwa tupu. Nililiona hilo.

Alasiri, njia ilipokutana na barabara, lori la pamba lilimpakia Mama Mbuke. Nikapumua. Nimeingia Bunda jua likizama. Mwenye muhuri amekwisha funga.

Jumamosi, 29 Juni. Butiama.

Nimechoka hadi kwenye kucha. Nitaandika hivyohivyo.

Mwenye muhuri wa Bunda alikuwa kwenye mizani ya pamba tangu asubuhi. Nilipata muhuri saa nne, na nyuzi za pamba zimegandia juu yake. Alfonce alikwisha pata wake jana. Nikanyonga. Maili kumi nilikwenda bila tatizo, nikaanza kuona bendera ile mkononi mwangu.

Halafu khanga ya kijani.

Safari hii hakuwa anatembea. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kapu chini, mguu mmoja amenyoosha. Mguu ulikuwa umevimba kama kiazi. Mwiba, nadhani, wa tangu jana. Hakuna nyumba. Hakuna lori. Jua la saa sita.

Nilisimama nyuma ya mnyaa saa nzima. Nikimpita, ni kosa. Nikimsemesha, ni kosa kubwa zaidi. Nikirudi nyuma, bendera imekwenda, na Dafroza naye. Nikajiambia kwamba atakuja mtu mwingine. Hakuja. Nikaona anajaribu kuinuka, anakaa tena, anajifuta uso kwa ncha ya khanga. Nikaona aibu. Aibu hasa, ya kujiona mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja amesimama nyuma ya mmea.

Nikajivika gunia kichwani hadi mabegani, nikajiachia tundu la macho. Nikaisukuma baiskeli kinyumenyume, mgongo wangu kwake, mpaka keria ikafika karibu na jiwe. Nikakohoa. Sikujua la kusema, na kusema naye siwezi. Nikaiambia baiskeli.

"Baiskeli, mwambie mama huyo keria iko wazi."

Nikasikia khanga inafunguliwa na kufungwa upya, kujifunika kichwa.

"Baiskeli, umwambie mwenyewe mimi mzito. Na nina kapu."

"Baiskeli, mwambie umewahi kubeba kengele ya kanisa."

Akapanda. Alikaa ameelekea Bunda, mimi nimeelekea Butiama, tumepeana migongo. Nikanyonga.

Maili ya pili aliiuliza baiskeli kama mwenyewe anakunywaga pombe. Nikaiambia baiskeli kidogo, sikukuu. Akaiuliza kama muhogo ule wa jana ulikuwa umeiva vizuri. Nikashangaa amejuaje. Nikaijibu kwamba uliiva sana. Akacheka kidogo, au alikohoa. Mafua yale.

Maili ya nne aliuliza kwa nini mwenyewe alijificha kwenye mihogo.

Hapo sijui kilichonipata. Labda ni kwa kuwa sikumwona uso. Niliiambia baiskeli kila kitu. Kwamba mwenyewe hana baba tangu utoto, hakuna aliyemfundisha kusimama mbele ya wazee. Kwamba akiona vigoda saba sauti humkauka. Kwamba anampenda binti hadi anasahau kufunga kalamu. Kwamba anaogopa, basi.

Mama Mbuke alilisogeza kapu mapajani. Halafu akasema: "Baiskeli, mwambie hofu si ugonjwa. Hata mwenye mihogo aliogopaga. Alikuja kwetu kuniposa, akajilaza kwenye mtama siku mbili. Baba yangu alimpelekeaga uji hukohuko."

Nilicheka mpaka nikasahau mteremko. Breki ya nyuma haipo! Soli ya kiatu ikashika moto. "Baiskeli, sema ashike!" "Baiskeli, nashika, lakini tunakwenda wapi?" Tukapasua kundi la mbuzi katikati, tukapita kwenye shimo, mumi mmoja akaruka, tukasimama wenyewe kwenye boma la mtu. Hakuna aliyeumia. Mwenye boma alitazama gunia, akatazama khanga, akaita mkewe aje aone.

Tumefika Butiama saa kumi. Boke alilia kwa furaha. Mtoto ni wa kiume, ana sauti. Mimi nilipewa ugali wangu nyuma ya ghala, mbali na macho ya mama.

Mwenye muhuri wa Butiama ameondoka saa saba kwenda harusini, atarudi Jumatatu. Saa sita na nusu alimgongea Alfonce.

Jumatatu, 1 Julai. Musoma.

Nimeshindwa. Mihuri miwili.

Ndugu Kasmiri aliitandaza ramani yangu mezani, akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza ni nani amemwaga matumbo ya mbuzi ofisini. Nilimweleza kwamba hizo ni njia za mandhari. Akasema msafara utapita barabara ya Alfonce. Kitu kimoja tu katika ramani yangu kilimpendeza: alama ya chakula kando ya njia kati ya Bunda na Bukima. Ameagiza vijana wasibebe chakula siku ya mwisho, ili wawe wepesi. Angalau mchango wangu umeonekana.

Alfonce ameanza mazoezi ya kushika bendera kwa mkono mmoja.

Jumatano, 3 Julai.

Barua kutoka kwa Dafroza! Nimeisoma mara sita, mara tatu nikiwa nimesimama.

Mama amerudi jana kwa lori la pamba, kwa ajili ya jambo hili tu, halafu atarejea kwa mtoto. Wazee walikaa kikao. Shtaka: mkwe amempakia mama mkwe. Mmoja alisema tangu azaliwe hajasikia jambo kama hilo. Silasi, mshenga wangu, alisimama, tumbo likimkata, akasema gunia lilikuwepo. Mama alitoa ushahidi kutoka jikoni, kupitia ukutani: hakuniona uso, aliona barabara ya Bunda tu, inarudi nyuma. Na kuhusu Alfonce akasema ni kijana mzuri, amemshika mkono kwa mikono miwili na kumuuliza hadi habari za mbuzi. Mkwe gani huyo?

Uamuzi: nitatoa mbuzi mmoja wa kosa. Lakini Mzee hajabadili neno lake. Saba Saba, adhuhuri, kwa kinywa changu. Nisipotokea, atampokea mjomba wa Alfonce, maana yule angalau huja.

Mwisho Dafroza ameandika: Leodgar, nimechoka kukutetea. Njoo moja kwa moja.

Jumamosi, 6 Julai. Asubuhi.

Mipango mitatu, yote imekufa.

Kwanza: kuandika hotuba na kuikariri. Kurasa nne. Niliijaribu mbele ya kioo, nikaogopa kioo.

Pili: Silasi ajifiche nyuma yangu aseme, mimi nifungue mdomo. Amekataa! Mara ya kwanza maishani mwake. Anasema tumbo limepoa tangu akatae.

Tatu: kuwahi kabla ya msafara, nijiunge nao kwenye kona ya mwisho, nishike ncha moja ya bendera. Lakini Enoka amekuja kuchukua baiskeli yake. Kesho ibada Buhare. Nilimsihi. Akasema taifa limsamehe.

Kwa hiyo nitakwenda kwa miguu, na kwa miguu hakuna nafasi ya kuzunguka. Nitalala Kiriba. Naogopa sana.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba. Kiriba tena, jioni.

Niandike polepole, nisiharibu.

Nilifika uani kwa Mzee Makongoro saa sita kasoro, miguu imejaa malengelenge. Vigoda saba. Wazee saba. Nikatazama mihogo. Mihogo ilikuwa palepale. Nikapiga hatua moja kuielekea, na wakati huohuo msafara ukaingia.

Bendera mbele, Alfonce chini yake. Baiskeli thelathini na nane. Nyuso za njaa! Walikuwa wametafuta chakula kando ya njia maili thelathini nzima, chini ya kila jiwe, na wamekuta siafu. Walizitupa baiskeli wakaivamia sufuria ya Mama Mbuke. Alfonce akaiegemeza yake kwenye nguzo katikati ya ua, akaenda kuosha mikono.

Mzee hakuwajali. Aliniita kwa jina. Leodgar, akasema, sema unachotaka.

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Upepo mtupu. Dafroza alikuwa mlangoni, amefumba macho. Mjomba wa Alfonce alianza kujiweka sawa pembeni, kwenye kiti cha mgeni. Nikaona sasa basi, hapa ndipo ninapompoteza, mbele ya watu wote, kwa kukosa maneno mawili.

Nikaigeukia baiskeli ya Alfonce.

"Baiskeli," nikasema, na sauti ikatoka, "mwambie Mzee nimekuja kumwomba Dafroza. Nimekuja mwenyewe. Mwambie naogopa, lakini nimekuja."

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Mzee akanitazama mimi, akaitazama baiskeli. Nikaona haitoshi, nikaongeza: "Na mwambie mihogo si mibaya kuliko mtama."

Lo! Mzee aligeuza shingo polepole kuelekea jikoni. Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, kikasikika kicheko cha Mama Mbuke, kirefu, cha mtu aliyekizuia miaka mingi. Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika. Akajikaza. Akaikazia baiskeli macho.

"Baiskeli, mwambie nimesikia. Mwambie nimekubali. Na umwambie wewe si baiskeli yake."

Vigelegele! Alfonce alirudi akidondosha maji mikononi, akataka baiskeli yake. Wazee wakamwambia asubiri, mazungumzo hayajaisha.

Jumatatu, 8 Julai. Musoma.

Mimi ni mchumba wa watu. Nimeamka nikicheka.

Harusi ni Oktoba, pamba ikishauzwa. Limebaki jambo moja dogo: Jumamosi hii, saa sita mchana, nifike Bukima na mbuzi wa kosa pamoja na mjomba wangu Stanislausi, atakayenisimamia, tupange siku. Mazungumzo ya mbuzi ni ya wanaume, kwa hiyo Mama Mbuke hatakuwepo. Jumamosi hiyohiyo alfajiri anaondoka kurudi kwa Boke, Butiama, kwa miguu kupitia Bunda, basi bado ekseli. Nilimtakia safari njema kupitia ukutani.

Dafroza alinisindikiza hadi mwisho wa mihogo. Alinishika mkono. Alisema ameona sasa kwamba naweza. Akasema njia ya Bukima naijua, korongo limefukiwa, ni saa nne tu kwa baiskeli, nije moja kwa moja. Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kabisa. Msichana mwenye akili sana.

Ila nimefikiri njia nzima. Mtu anayekuja kupanga siku ya harusi hawezi kutokea upande uleule aliotokea jana kwa miguu, na malengelenge. Wazee watasema nini? Inatakiwa aonekane anatoka mbali, ana vumbi la barabara kuu, amekutana na mambo. Nimemwomba Enoka baiskeli. Mjomba Stanislausi atakaa kwenye keria, mbuzi atapakatwa na mjomba. Nimeichukua ramani yangu ofisini, ilikuwa inaziba dirisha, nami nimeinyoosha.

Tutapita Bunda.